Jibu Nililoliandika Ubaoni

Saumu mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo sijaweza kuizoea. Ni ya zipu ya mkoba wako ikifungwa polepole, jino baada ya jino, na mtu asiyetaka kusumbua darasa. Nilikuwa nimewapa mgongo, chaki mkononi, naandika. Sikugeuka. Ningegeuka ningekuona, na ningekuona ingenibidi kufuta. Nikaimalizia sentensi, nikaweka nukta.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Bathurst, ng'ambo ya milima, kusomea uuguzi. Mambo ya blanketi, soksi na kupiga simu ukifika sitayaandika. Hayo unayajua kuliko mimi, na ukweli ni kwamba kwa miaka hii minane nyumba hii umeiendesha wewe huku mimi nikisahihisha madaftari ya watu. Ninayotaka kukuandikia ni ya Jumamosi ile ya darasani Mount Druitt, mwaka juzi. Hatujawahi kuitaja. Sitaki uvuke milima ukidhani sikuisikia.

Ulikuwa ukija darasani kunisaidia. Wanafunzi wangu karibu wote walikuwa watu wa Kihispania, waliohamia hapa Australia kutoka Chile, Uruguay na El Salvador, na wewe Kihispania ulikuwa umekiokota jikoni kwa Elba, mama yake Rosa, ulikokuwa ukishinda baada ya shule. Mimi nilikisoma vitabuni, nikakijua kama mtu anavyoijua ramani. Wewe ulikuwa ukicheka kwacho. Elba mwenyewe alikuwa akikaa mstari wa mbele, mikono bado inanuka sabuni ya kiwanda alichokuwa akisafisha usiku, na kila ukiingia anakuita *hija*, binti yangu, na kukusogezea kiti.

Siku hiyo tulikuwa na ule wakati uliopo wa Kiingereza, wa mambo ya kawaida. Ndilo somo la kwanza katika kila kitabu na watu hudhani ni jepesi. Kwa mtu wa Kihispania si jepesi. Kitenzi chake humbeba mtenda mkiani: akisema *trabajo* umeshajua ni yeye mwenyewe anayefanya kazi, hana haja ya kuongeza "mimi". Sisi humbeba mtenda kichwani mwa kitenzi, nafanya, unafanya, na hatumtafuti mbali. Kiingereza hakimbebi popote. Kitenzi kiko kitupu, na lazima mtu asimame mbele yake: *I work, you work*. Wanafunzi wangu walikuwa wakimsahau mtu huyo kila mara, na mimi nilikuwa nikigonga ubao kwa kidole na kuuliza, "Nani? Nani anafanya kazi?"

Halafu inakuja ile *s*. Unamkumbuka Don Ramiro, yule mzee wa Chile aliyekuwa akija na kofia na kuivua mlangoni kama anaingia kanisani. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, sielewi. Kwetu *s* ni ya wengi. Nyumba moja haina *s*, nyumba nyingi zina *s*. Hapa mtu mmoja anafanya kazi, *he works*, mnampa *s*. Wakifanya kazi watu kumi, mnawanyima. Kwa nini?"

"Kwa sababu anafanya kazi peke yake," Elba akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Wamemhurumia."

"Basi mimi wanipe mbili. Kule kiwandani hakuna mwingine anayefanya kazi."

Wakacheka, nawe ukacheka kule nyuma, na mimi nikacheka. Nakumbuka niliona raha. Nilikuwa mwalimu mzuri, Saumu, hilo nalisema bila kujisifu, kwa kuwa ndilo lililonifanya nisione kingine. Nikawaeleza lile lililokuwa gumu zaidi. Kwa Kihispania neno lilelile moja humtosha mtu kusema kwamba yuko jikoni anapika sasa hivi, na kusema kwamba yeye hupika kila siku. Kiingereza hakikubali. Linalotokea sasa lina namna yake, na lililo la kawaida lina namna yake. Kila nilipofundisha hapo nilikuwa nikiifikiria ile *hu-* yetu: hupika, hulala, huenda. Nikawaambia, mkitumia wakati huu hamsemi linalotokea. Mnasema lilivyo. Lilikuwa hivyo jana, na kesho mtu akija atalikuta hivyo hivyo.

Tukafika kwenye kukanusha. Wao huweka *no* mbele ya kitenzi, wakamaliza. Kiingereza kinataka kile kitenzi kidogo cha kusaidia, *do*, katika kuuliza na katika kukataa. Nikawaambia waniulize mimi maswali, chochote wanachotaka, ili nikatae na wasikie.

"Mwalimu, una mume?" akauliza Don Ramiro.

"Ramiro, huna haya," Elba akasema.

"Ni zoezi. Mwalimu amesema chochote."

Nikajibu sina mume. Nikaiandika. Don Ramiro akasema basi ana mtoto wa ndugu yake, fundi umeme, ana gari na meno yake yote. Darasa zima likapiga meza. Na katikati ya kicheko kile, mwanamke mmoja wa Uruguay aliyekuwa mgeni darasani, asiyekujua, akauliza taratibu kwa sauti ya mtu anayejitahidi asikosee:

"Una watoto?"

Aliuliza sawasawa, na *do* yake mahali pake. Nikamsifu. Nikageukia ubao nikaandika, huku nikisoma kwa sauti ili kila mtu asikie kilipo kile kitenzi kidogo: Mimi sina watoto.

Hapo ndipo nilipoisikia zipu.

Elba hakuandika. Alikuwa amegeuza shingo anatazama nyuma, kisha akanitazama mimi, akauliza kwa Kiingereza chake, "Na huyu?"

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," nikasema. Nikaongeza lile neno lao, *sobrina*, ili pasibaki utata. Hata hapo nilikuwa nafundisha.

"Aa, *sobrina*," akasema Don Ramiro, akaliandika kwenye daftari lake. Wewe ulikuwa umeshafika mlangoni. Nilimwambia Elba kwamba una mtihani Jumatatu.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea mbele ya jibu lile. Nilisema kweli, sivyo? Sikukuzaa. Aliyekuzaa ni dada yangu, na alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mimi ishirini na miwili, mwanafunzi wa chuo kikuu huku, katika chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja. Lakini wewe na mimi ni watu wa Tanga, na kweli hiyo ni kweli ya Kiingereza tu. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto. Kiswahili hakina hata neno la kunisaidia kuliepuka hilo: mpwa ni wa mjomba, na mimi si mjomba wako. Bibi aliponipigia simu kutoka kwa jirani hakuniuliza kama nitakuchukua. Alisema, "Mwanao analia usiku. Tafuta namna." Nami nilitafuta, mwaka mzima nilihangaikia viza. Hilo sikulifanya shingo upande. Nataka ulijue pia, maana barua hii yote itakuwa ya aibu na ningependa jambo moja ndani yake lisiwe la aibu.

Siku uliyofika uwanja wa ndege ulikuwa umevaa sweta mbili katikati ya joto la Januari, kwa sababu Bibi aliambiwa Ulaya ni baridi, naye aliona Australia na Ulaya ni mtaa mmoja. Ulikuwa unatiririka jasho na hukukubali kuvua hata moja. Ukanishika mkono ukasema, "Shikamoo Mamdogo," nami nikashtuka. Niliisikia sauti ya dada katika neno hilo. Ndiye aliyekufundisha kuniita hivyo tangu hujui kutembea.

Mara ya kwanza nilikukana shuleni, wiki ile ile. Karani wa kule alikuwa msichana mchangamfu, akauliza bila kuinua kichwa, "Wewe ndiye mama?" Nikasema hapana. Lilikuwa jambo dogo, alitaka kujua amwandike nani wapi. Lakini niliona jinsi uso wake ulivyolegea, akaniambia, "Nilishangaa, maana unaonekana mdogo," na mimi nikafurahi. Nikaondoka na furaha ile kama mtu aliyeokota kitu. Baada ya hapo nililisema kwa wepesi. Kazini, kwenye karamu za walimu, kwa majirani wa St Marys. Kulikuwa na mtu mmoja kazini, humjui, aliyenialika chakula. Aliponiuliza naishi na nani, nikasema naishi na mtoto wa dada yangu, kwa sasa. Kwa sasa. Ulikuwa umeshakaa nami miaka mitano.

Sikuwa nakuonea aibu wewe. Naomba uamini hivyo ukiweza. Niliona aibu kuonekana mtu mzima kabla sijawa kijana. Na chini ya hilo kulikuwa na jambo jingine ambalo nimelielewa mwaka huu tu, nikiwa nakunja nguo zako: nilihofia kwamba nikiitika mama, dada atakuwa amekufa kweli. Mama mdogo huwa mdogo kwa sababu kuna mkubwa. Nilitaka abakie mahali fulani, katika nafasi yake, na mimi nimshikie tu. Nikamshikia nafasi marehemu, na wewe uliye hai nikakuacha umesimama. Hii si sababu ya kunisamehe. Nakueleza kwa kuwa wewe hupenda kujua kitu kimetokana na nini.

Jumamosi ile nilikukuta kituoni Mount Druitt, umekaa kwenye benchi la mwisho kabisa. Tulipanda behewa moja. Nikakuuliza kama umekula. Ukanijibu kwa Kiingereza kwamba huna njaa. Nikafikiri, amekasirika, kesho yatakwisha.

Hukukasirika. Hukufunga mlango kwa kishindo hata siku moja, na nadhani ningepona haraka kama ungefunga. Ulichofanya ni kuacha kuniita. Shikamoo ya asubuhi ikawa *hi*. Mamdogo ikawa *auntie* kwa wiki chache, halafu ikawa hakuna. Ukinihitaji unakuja mpaka nilipo, unasimama, unangoja niinue macho. Ukiwa chumba cha pili unagonga ukuta. Watoto wa wenzetu hapa wote huwajibu wazazi kwa Kiingereza, nami nikajificha nyuma yao. Nikajiambia ni umri, ni nchi. Nikimpigia Bibi simu namwambia hujambo, unasoma, umerefuka. Siku moja akaniuliza, "Sauti yake mbona siisikii?" Nikamwambia uko kwa Rosa. Ulikuwa chumbani kwako, mlango wazi. Ulinisikia.

Mwalimu anayesahihisha kila kosa la kila mtu alikaa na kosa hilo mezani pake kila siku na hakulitia alama.

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikusema, hata mara moja, "Saumu, nilikosea." Jibu ni kwamba aibu ni kitu cha kustarehesha ukikaa nacho muda mrefu. Niliona kwamba kwa vile naumia, basi nimeshalipia. Nilikuwa nikioga, najilaumu. Naandaa somo, najilaumu. Halafu naja mezani nakuuliza chumvi iko wapi. Uchungu wangu wote niliutumia mimi mwenyewe, wewe hukupata hata tone. Kama kuna kitu chochote cha kuchukua kwangu kwenda nacho huko, labda ni hiki, na ukikiona hakina maana kiache. Ukimkosea mtu, usijitese kwa niaba yake. Mwendee. Mateso yako hayamfikii.

Na kingine. Huko utaulizwa maswali mengi ya haraka na watu wema wasio na nia mbaya. Unatoka wapi, una ndugu wangapi, wazazi wako wanafanya nini. Kiingereza kinapenda jibu fupi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu kwamba jibu fupi ndilo sahihi. Lakini wewe jipe muda. Mwache anayeuliza angoje kidogo. Mimi nilikuwa na haraka ya kutoonekana mtu wa ajabu, nikakata ukoo mzima ili sentensi inyooke.

Jumatano iliyopita ulikuja jikoni, ukasimama, ukangoja niinue macho. Ukaniambia chuo kimewaalika wazazi siku ya kwanza, watakaa hadi jioni, watatembezwa mabweni. Nikasema nitaomba ruhusa kazini. Nawe, kwa Kiswahili safi ambacho nilikuwa sijakisikia kinywani mwako karibu miaka miwili, ukasema, "Usijisumbue. Siku hiyo ni ya wazazi. Elba atanipeleka pamoja na Rosa."

Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtu anayemwondolea mwenzake mzigo. Nilitazama uso wako nitafute kisasi nikakosa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu akilipiza kisasi, bado ana neno na wewe. Wewe ulikuwa umeshakubali jibu langu la ubaoni, umelipangia maisha yako.

Nikasema sawa. Hata hapo nikasema sawa.

Jana, ulipopeleka masanduku yako kwa Elba Rooty Hill na kwenda dukani na Rosa, mimi niliwangojea mtoke ndipo nikaingia kwa mlango wa nyuma. Elba alikuwa anakanda unga, hakuacha.

"Mwalimu," akasema, "umechelewa miaka miwili."

Nilikuwa nimesimama tu.

"Kaa. Ukisimama hivyo nadhani umekuja kunipa mtihani."

Nikakaa. Nikamwambia yote, Kihispania changu kikinikwama, akiniacha nikwame bila kunisaidia neno hata moja. Nadhani alifanya makusudi. Nilipomaliza akanawa mikono.

"Sasa unataka nini kwangu? Nikusamehe mimi? Mimi nina wangu."

"Nataka nafasi kwenye gari."

"Gari limejaa. Rosa, Saumu, mito, sufuria, televisheni ya Rosa ambayo nimemwambia aiache."

"Nitakaa popote."

"Iko nafasi nyuma, katikati. Chini yake pamevimba, magoti yatakugusa kidevu. Na milango ya nyuma haifunguki kwa ndani, kwa hiyo ukigombana naye njiani huwezi kuteremka."

Nikamwambia napataka hapo hapo.

"Na huko chuoni wakiuliza wewe nani?"

Nikamwambia. Akasema, "Usiniambie mimi," akarudi kwenye unga wake.

Kwetu mtoto hapelekwi ugenini akaachwa mlangoni kama kifurushi. Lazima mtu wake amfikishe, akae, anywe hata maji, amkabidhi kwa wenyeji kwa kinywa chake: huyu ni wetu, tunawaachia. Dada angefanya hivyo. Hayupo, na aliye na wajibu baada yake hakuna mwingine ila mimi. Lakini najua pia kwamba mtu hawezi kuja siku ya mwisho akadai heshima ya siku zote, na sitadai uniite chochote kesho.

Nimeshawaambia kazini kwamba kesho darasa langu halina mwalimu. Mkuu wa idara aliniuliza nina shughuli gani, nikamwambia mwanangu anaanza chuo. Akasema hakujua nina mtoto. Nikamwambia, najua hukujua, ni kosa langu. Nimempigia Bibi pia. Amesema nivae kanga ya heshima, na nikuambie anangoja sauti yako.

Nguo zangu mbili tatu nilizifunga jana asubuhi kwenye lile begi la kijani, nikaenda nazo Rooty Hill. Elba amelitanguliza kwenye buti, chini kabisa, kisha akapakia yako yote juu yake. Kulitoa itabidi mteremshe kila kitu. Asubuhi ukiona ni bora nibaki, sema tu. Nitabaki, wala sitauliza kwa nini. Begi litakwenda Bathurst bila mimi.

Mama yako mdogo